Alama 98 za mama: kipimo cha hatari ya damu iliyoganda mapafuni kinasema nini hasa?

SWALI: "Daktari, mama yangu ana miaka 58. Wiki tatu zilizopita aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta. Juzi alfajiri alibanwa na pumzi ghafla, kifua kikawa kinamchoma kila akivuta hewa, tukamkimbiza hospitali ya mkoa. Alipofika mapigo ya moyo yalikuwa 118, presha 112 kwa 70, oksijeni 88, na alikuwa anapumua mara 26 kwa dakika. Sitiskani imeonyesha mabonge ya damu kwenye mapafu yote mawili. Eko, yaani picha ya moyo, imeonyesha upande wa kulia wa moyo umetanuka, lakini kipimo cha troponini kimetoka sawa. Daktari wa wodi alisema ana alama 98 za PESI, kipimo cha hatari ya ugonjwa huu, daraja la tatu, hatari ya kati. Binamu yangu ni muuguzi Muscat. Nilipomtumia vipimo akasema kwa PESI fupi mama ana alama 2, na wenye alama 1 kwenda juu hufa karibu 11 kati ya 100 ndani ya siku 30. Tangu hapo silali. Mama anachomwa sindano ya tumbo asubuhi na jioni, basi. Kwa nini hawampi dawa ya kuyeyusha bonge? Hawana, au wameona hatuna pesa? Jirani yetu mwaka jana alipata ugonjwa huu huu, akapewa vidonge akarudi nyumbani siku ya pili. Leo asubuhi mapigo ni 96, presha 118 kwa 76, oksijeni 94 akiwa na mpira wa puani. Je, mama ana siku 30?"

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Mama yako hajapewa siku 30. Siku 30 ni muda ambao watafiti walichagua kuwafuatilia wagonjwa ili wajue nani amepona na nani amefariki. Siku ya 31 haina jambo lolote la pekee. Na kwa vipimo ulivyoniandikia vya leo asubuhi, mama anaelekea kule tunakotaka aelekee. Hajatoka hatarini, na kwa hilo sitakufariji kwa uongo, lakini ile 11 aliyokutajia binamu yako si namba ya mama yako. Ngoja nikueleze ilikotoka.

PESI ilichapishwa mwaka 2005. Watafiti walichukua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 15,000 waliolazwa kwa ugonjwa huu katika hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakatafuta ni dalili zipi za saa ile ya kupokelewa zilizowatenganisha waliofariki ndani ya mwezi na waliopona. Yakabaki mambo 11. Kila mwaka wa umri ni alama 1. Mwanaume anaongezewa 10. Saratani ni 30, moyo ulioshindwa kazi tangu zamani 10, ugonjwa sugu wa mapafu 10. Mapigo yakiwa 110 au zaidi ni 20, presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya presha, ikiwa chini ya 100 ni 30, pumzi 30 au zaidi kwa dakika ni 20, joto la mwili chini ya 36 ni 20, akili kuchanganyikiwa au fahamu kupotea ni 60, oksijeni chini ya 90 ni 20. Chukua karatasi umhesabie mama: umri 58, mapigo 118 yanampa 20, oksijeni 88 inampa 20. Jumla 98. Pumzi zake 26 hazikufika kiwango, kwa hiyo hazikuongeza kitu. Daktari wa wodi amehesabu sawasawa. Daraja la tatu ni kuanzia 86 hadi 105, na katika tafiti za mwanzo waliokuwa kwenye daraja hilo walifariki kati ya 3.2 na 7.1 kwa kila 100.

Sasa hiyo 11 imetoka wapi? Mwaka 2010 watafiti wa Hispania waliona kuhesabu mambo 11 usiku wa manane kwenye chumba cha dharura kunachosha, wakayapunguza yakawa sita: umri zaidi ya 80, saratani, ugonjwa sugu wa moyo au mapafu, mapigo kuanzia 110, presha ya juu chini ya 100, oksijeni chini ya 90. Kila moja alama 1. Aliyepata sifuri alikuwa na hatari ya kufariki ya 1 kwa 100. Aliyepata 1 au zaidi alikuwa na 10.9 kwa 100. Binamu yako amesoma vizuri, hajakosea namba. Lakini tazama wamechanganywa akina nani kwenye kapu hilo la pili: mzee wa miaka 86, mgonjwa wa saratani iliyosambaa, mtu ambaye moyo wake umechoka miaka kumi, na mama yako ambaye hadi wiki tatu zilizopita alikuwa akioga mwenyewe na kwenda sokoni. Wote wanahesabiwa pamoja. Na waliofariki humo hawakufariki wote kwa bonge la damu. Waliouawa na saratani yenyewe wamo pia. PESI fupi iliundwa ili kumpata mtu ambaye ni salama kurudi nyumbani. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Ukiigeuza ukaitumia kumpimia kifo mtu aliyepata alama 2, unaitumia kwa kazi isiyokuwa yake.

Katika alama 98 za mama, 58 ni umri wake tu. Hizo nyingine 40 ni mapigo na oksijeni ya saa aliyofika, na leo asubuhi vyote viwili vimebadilika. Alama ilihesabiwa kwa hali ya mlangoni. Ilituambia alazwe, asirudishwe nyumbani, awekwe mahali pa kutazamwa kwa karibu. Baada ya hapo yanayosema ukweli ni mapigo, presha na pumzi za kila baada ya saa chache.

Ili ujue kwa nini tunang'ang'ania mambo haya, lazima ujue ugonjwa huu unauaje. Mguu ukifungwa plasta hausogei, na msuli wa shavu la mguu ndio pampu inayorudisha damu juu. Damu ikituama kwenye mishipa ya ndani ya mguu, inaganda. Siku moja kipande kinanyofoka, kinapanda na mshipa mkubwa wa tumboni, kinaingia chumba cha kulia cha moyo, na moyo unakirusha kwenye mapafu. Huko njia zinakuwa nyembamba, kinakwama. Watu wengi wanadhani mgonjwa hufa kwa sababu mapafu yamekosa hewa. Mara nyingi anayeshindwa kwanza ni moyo wa kulia. Ukuta wake ni mwembamba, umezoea kusukuma damu kwa nguvu ndogo tu, kwa sababu mapafu ni njia laini. Ni kama kijana aliyezoea kusukuma mkokoteni mtupu kwenye lami, halafu ghafla umpakilie magunia ya saruji na kumwambia apande mlima. Anatanuka misuli, anatetemeka. Moyo wa kulia ukitanuka unausukuma ukuta wa katikati kuelekea kushoto, chumba cha kushoto kinabanwa, kinapata damu kidogo, na presha ya mwili mzima inashuka. Presha ikishuka, moyo wa kulia nao unakosa damu ya kujilisha, unazidi kulegea. Mzunguko huo ukishaanza unaweza kumaliza mtu kwa saa chache.

Kwa hiyo maneno "mapafu yote mawili" yanatisha kuliko yanavyostahili. Mabonge ya pande zote mbili ni jambo la kawaida sana kwenye sitiskani, na kwenye hayo mambo 11 hutaona popote palipoandikwa ukubwa wa bonge. Nimemwona mzee mwenye bonge kubwa akizungumza habari za mashamba yake, na nimemwona kijana mwenye bonge dogo lakini mwenye moyo uliokuwa mgonjwa tangu zamani akihangaika kupumua. Swali ni moyo unalimudu vipi.

Hapo ndipo eko na troponini zinapoingia. Eko ya mama imeonyesha moyo wa kulia umetanuka, yaani mzigo umeuelemea. Troponini ni protini inayovuja pale misuli ya moyo inapoumia, na yake iko sawa, yaani moyo umeelemewa lakini haujajeruhiwa. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unawagawa wagonjwa wa hatari ya kati mara mbili. Mwenye eko mbaya na troponini iliyopanda yuko kati ya juu, na huyo tunamkalia macho kwelikweli. Mwenye kimoja tu, au asiye na hata kimoja, yuko kati ya chini. Mama yako yuko kati ya chini. Hatari kubwa ni jina la watu wengine: waliosimama moyo, waliozimia kwa presha kushuka, au ambao presha ya juu imekaa chini ya 90 kwa zaidi ya robo saa.

Kuna hesabu moja rahisi ninayoipenda kwa sababu haitaki mashine ya mamilioni. Gawanya mapigo kwa presha ya juu. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa karibu 0.6. Likifika 1, yaani mapigo yamelingana na presha au kuipita, tunashtuka, maana wenye namba hiyo hufariki zaidi hospitalini. Mama alipofika ilikuwa 118 kwa 112, yaani 1.05. Sikufichi, usiku ule alistahili kuogopewa, na walifanya vyema kumlaza. Leo ni 96 kwa 118, yaani 0.8. Huo mteremko kutoka 1.05 hadi 0.8 ndani ya siku mbili unanipa matumaini kuliko namba yoyote aliyokusomea binamu yako.

Tuje kwenye dawa ya kuyeyusha bonge, maana naona imeacha donge moyoni mwako kwamba mama amenyimwa kwa umaskini. Dawa ile ina nguvu ya ajabu. Inayeyusha bonge la mapafuni, na inayeyusha pia kila mahali pengine ambapo damu ilikuwa imejiziba, ukiwemo mshipa mdogo kichwani. Mwaka 2014 yalichapishwa majibu ya jaribio kubwa liitwalo PEITHO, la wagonjwa 1,005. Wote presha yao ilikuwa imesimama, lakini moyo wa kulia ulikuwa umeelemewa na troponini imepanda. Yaani walikuwa katika hali mbaya kuliko ya mama yako. Nusu walipewa dawa ya kuyeyusha pamoja na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nusu heparini peke yake. Waliofariki au kuzidiwa presha ikaanguka ndani ya wiki moja walikuwa 2.6 kwa 100 upande wa dawa ya kuyeyusha, na 5.6 kwa 100 upande wa heparini peke yake. Ungesema basi wapewe wote. Lakini waliopata kiharusi, kingi kikiwa cha damu kuvuja kichwani, walikuwa 2.4 kwa 100 dhidi ya 0.2. Na ukihesabu vifo peke yake hadi siku ya 30, tofauti ilikuwa ndogo: 2.4 dhidi ya 3.2.

Isome tena hiyo ya mwisho. Watu waliokuwa wagonjwa kuliko mama yako, wakitibiwa kwa dawa za aina anayochomwa mama yako, walifariki 3.2 kati ya 100. Sikupi hiyo kama namba mpya ya kumbandika mama, kwa sababu watu wa kwenye majaribio hutazamwa kwa karibu mno, na presha ya mmoja wao ilipoanguka aliwahiwa palepale kwa dawa ile ile ya kuyeyusha. Nakupa ili uone kwamba matokeo yanategemea sana kumtazama mgonjwa na kumwahi. Hata kama mama angelazwa huko Muscat kwenye hospitali ya binamu yako, kwa vipimo hivi angechomwa sindano hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha tunaitunza kwa ajili ya presha inayoanguka. Hapo hatubishani, inatolewa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa wodi ni hili: presha ya mama ikishuka usiku, dawa hiyo ipo hapa, na kama haipo, mpango wa kumhamisha ni upi? Uliza kwa upole, lakini uliza leo.

Na usiidharau sindano ya tumbo. Bila shaka ni enoksaparini au ya jamii yake. Watu husema inayeyusha damu, na hapo ndipo wanapokata tamaa wakiona siku tatu zimepita na bonge halijaisha. Haiyeyushi. Inazuia bonge lisikue na lingine lisije, ili mwili wenyewe ulile lile la zamani polepole, kazi ya wiki na miezi. Nguvu yake ilionekana mwaka 1960, katika jaribio dogo la Bristol, Uingereza. Wagonjwa 19 hawakupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na watano kati yao wakafa kwa mabonge. Waliopewa walikuwa 16, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa bonge. Bonge la pili ndilo muuaji mkubwa, nalo huja siku za mwanzo, moyo ukiwa bado umechoka na lile la kwanza. Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kupigania hapo wodini, ni kwamba sindano isirukwe. Isiwe "dawa imeisha, tutanunua Jumatatu". Kipimo chake huenda na uzito, miligramu 1 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Uliza kama mama alipimwa uzito kwenye mizani au ulikisiwa akiwa amelala kitandani. Mama wa kilo 85 akikadiriwa kuwa na 60, anatibiwa nusunusu. Uliza pia kama figo zimepimwa, kwa sababu figo zikiwa dhaifu sindano hiyo hulundikana mwilini.

Nimekisifia kipimo, sasa nikiseme. Kwa mgonjwa kijana PESI inaweza kutulaza usingizi. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nitakayoiacha bila jina, alikuwepo dada wa miaka 31 aliyetolewa uvimbe kwenye kizazi siku tisa kabla. Alikuja na pumzi za kubana, mapigo 114, presha nzuri, oksijeni 93. Hesabu: 31 jumlisha 20, alama 51, daraja la kwanza, hatari ya chini kabisa. Tukamweka wodi ya kawaida. Saa kumi alfajiri aliomba kwenda msalani, akashuka kitandani, akapiga hatua nne akiwa ameshikilia ukuta, akaanguka. Nilipofika kiganja chake kilikuwa baridi na kimelowa jasho, na mshipa wa shingo umejaa kama kamba chini ya ngozi. Eko iliyofanywa asubuhi ile ilionyesha moyo wa kulia mkubwa kuliko wa kushoto. Alipona, baada ya siku sita za chumba cha wagonjwa mahututi. Umri wake ulimfichia ugonjwa wake, nasi tuliisoma karatasi bila kuutazama moyo. PESI fupi ingempa alama 1 kwa mapigo yale, na alama 1 hiyo peke yake ingetosha kutushtua. Mwongozo wa Ulaya niliokutajia unasema wazi: hata mwenye alama za chini, moyo wa kulia ukiwa umeelemewa au troponini imepanda, ahesabiwe hatari ya kati.

Kwetu huku jambo hili ni zito zaidi, maana wagonjwa wetu wengi wa mabonge ni vijana: mama aliyejifungua, mwenye selimundu, anayeishi na VVU, mwenye kifua kikuu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo kwenye yale mambo 11. Mwenye kifua kikuu ana la ziada: rifampisini iliyomo kwenye dawa zake hupunguza nguvu za vidonge vingi vya kuzuia damu kuganda, warfarini ikiwemo, kwa hiyo daktari lazima ajue.

Na vipimo vyenyewe navyo vinaweza kudanganya. Ile mashine ya kubana kidoleni inaweza kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi. Kwa mtu wetu, 91 inaweza kuwa 88 iliyovaa nguo nzuri. Hina nyeusi na rangi ya kucha navyo huivuruga, kwa hiyo mama akiwa na hina mtafutieni kidole kisicho na rangi. Pumzi ndizo kipimo kinachoandikwa sana kwa kukisia. Chati nyingi utakuta 20, 20, 20 kutoka juu hadi chini. Wewe una simu yenye saa. Kaa pembeni ya mama bila kumwambia unafanya nini, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, andika. Zikizidi 30, au mapigo yakirudi juu ya 110, au presha ya juu ikashuka chini ya 100, au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, jasho baridi, kizunguzungu akikaa, usisubiri zamu ya daktari ya asubuhi. Mwite muuguzi sasa hivi na umtajie namba. "Mapigo yalikuwa 96, sasa ni 120" inamwinua mtu kitini haraka kuliko "mama hajisikii vizuri".

Asiende msalani peke yake kwa siku hizi mbili tatu. Mpate choo cha kitandani, au asindikizwe na watu wawili, na asijikamue. Akipata choo kigumu mwambieni daktari. Halafu mguu usikandwe. Najua shangazi atakuja na mafuta ya nazi na nia njema. Mguu ambao mshipa wake una damu iliyoganda haukandwi, hauchuliwi, hautiwi chupa ya moto. Mshukuruni, mafuta yawekeni pembeni.

Maumivu ya mfupa yasitibiwe kwa diklofenaki wala ibuprofeni, za kumeza au za kuchoma. Pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda, hizo hutobolesha tumbo na kuvujisha damu, na sindano ya makalioni inaweza kuacha damu imejaa ndani ya msuli. Parasetamoli inafaa, na isipotosha daktari ana nyingine. Tena msidai dripu. Ndugu wengi hawaamini kwamba mgonjwa anatibiwa mpaka waone chupa imening'inia, lakini maji mengi kwenye ugonjwa huu yanazidi kuutanua moyo wa kulia ambao tayari umejaa. Daktari akiweka maji kidogo kwa sababu anazozijua, sawa. Chupa tatu za kuridhisha ndugu, hapana.

Jirani yenu nadhani alikuwa mtu wa sifuri: mapigo tulivu, oksijeni nzuri, presha nzuri, hana saratani, nyumbani kuna mtu wa kumtazama na hospitali si mbali. Mtu huyo tunampa vidonge, rivaroksabani kwa mfano, na kumruhusu mapema, tena kwa usalama. Mama yako hakuwa mtu huyo juzi alfajiri. Anaweza kuwa mtu huyo siku mbili tatu zijazo, mapigo yakibaki chini ya 100, oksijeni ikisimama bila mpira wa puani, akaweza kutembea hadi dirishani na kurudi bila kuhema.

Akiruhusiwa, dawa ni angalau miezi mitatu, bila kukatisha hata akijisikia mzima. Kwa kuwa bonge lake lina chanzo kinachojulikana, mguu uliovunjika na plasta, yuko kwenye kundi ambalo mara nyingi husimamisha dawa baada ya muda huo, daktari akiridhika. Mkichagua warfarini kwa sababu ya bei, mjue inataka kupimwa damu mara kwa mara, kipimo kiitwacho INR kikae kati ya 2 na 3. Mkichagua vidonge vipya, bei ni kubwa lakini kupimapima kunapungua. Kaeni na daktari mkaamue kwa mfuko wenu halisi. Dawa nzuri inayoisha wiki ya tatu ni mbaya kuliko ya bei nafuu inayomezwa hadi mwisho.

Rudini hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, akibanwa tena na pumzi, akizimia, akitema damu, akitoa choo cheusi kama lami, akitokwa na damu isiyokoma, au akiumwa kichwa ghafla kwa namna ambayo hajawahi. Na baada ya miezi mitatu arudi kliniki hata kama hana shida. Kama bado anahema kupanda ngazi alizokuwa anazipanda kabla ya kuanguka bafuni, aombewe eko nyingine, kwa sababu wagonjwa wachache mabonge yao hayayeyuki, yanageuka kovu, na presha ya mapafu inabaki juu. Hilo lina matibabu yake, likigunduliwa.

Leo jioni zamu ya wauguzi ikibadilika, waombe wakuonyeshe chati. Linganisha mapigo, presha na pumzi za sasa na za asubuhi, na uhakikishe sindano ya jioni imechomwa. Kisha muachie ndugu mwingine kiti, ukalale.